Marehemu Mama Alivyotuma Sauti Kwenye Grupu la Vichanja

Mama tulimzika Jumatatu. Ijumaa akatuma sauti kwenye grupu.

Siwatanii. Wanawake wote wanaoanika dagaa ufukweni, kwenye mwalo wa Katonga, waliisikia. Mmoja aliangusha birika la chai.

Naitwa Aurore. Mama yangu, Anésie, alikimbia Burundi akiwa msichana, akaolewa na Muha hapa Kigoma, nikazaliwa mimi. Shule niliishia darasa la tano. Kuongea mbele za watu siwezi, koo linakauka. Mwaloni walinizoea kwa jina la Bubu.

Mama alikuwa kinyume changu. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe akaviita vichanja vya kuanikia: hiki cha Skolastika, hiki cha Mwanakheri. Wanawake wanajibu kwa pamoja, "Twumvise." Yaani tumesikia.

Hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu yetu. Mvua ikishuka ghafla, kichanja kilichojibiwa kinafunikwa na yeyote aliye karibu. Ambacho hakikujibiwa, kila mtu anakipita.

Ndipo akaja Benedict, katibu mpya wa umoja wetu.

"Makelele ya jiweni yamepitwa na wakati," akasema. "Kila kitu sasa ni kwenye grupu la WhatsApp."

Akatuunga wote. Hata mama, na kile kisimu chake cha kioo kilichopasuka.

Matanga hayajaisha, Benedict akaandika kwenye grupu: kichanja cha marehemu, kile cha karibu na jiwe, amepewa Erica.

Erica ni mke wake.

Nikamfuata. Nikanong'ona, "Katibu, pale ndipo tunapopatia ugali."

"Paza sauti, Bubu." Watu wakacheka. "Kwani wakimbizi si mna kambi? Nyarugusu imefurika, ila wewe hawatakosa pa kukulaza."

"Nimezaliwa hapa hapa mjini, Gungu."

Hakusikia. Au alisikia.

Nilirudi nyumbani. Sikulia. Nilitaka dagaa wa Erica waoze, na Benedict awe anatazama.

Ijumaa asubuhi simu zikaita mwaloni kote. Ilikuwa sauti ya mama, kutoka namba yake, ile ile nzito yenye mkwaruzo:

"Benedict. Kichanja cha jiweni ni cha binti yangu Aurore. Wanawake, mmesikia?"

Birika la chai likaanguka.

Kisha Skolastika akatuma sauti: "Twumvise."

Mwanakheri naye: "Twumvise, mama. Pumzika."

Sauti zikamiminika.

Mchana wingu likapanda kutoka upande wa Kongo. Wanawake wakakimbilia maturubai, wakafunika kila kichanja, wakakipita cha jiweni. Erica anahangaika na turubai peke yake, upepo unamnyang'anya.

"Jamani, shikeni upande huo."

"Hicho si chako, shoga," Skolastika akamjibu. "Mwenyewe kashasema, nani ambishie?"

Dagaa wakawa uji. Benedict alisimama pale pale, analoa, anatazama.

Jioni akaja kwetu Katubuka, viatu mkononi. Akaniamkia shikamoo. Mimi, niliye mdogo kwake kabisa.

"Marahaba," nikanong'ona.

"Dada Aurore, simu ya mama iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu upande wa makaburi.

"Mlimzika nayo?"

Bubu huwa hajibu.

"Basi... mwambie kichanja nimerudisha." Akatoka kinyumenyume mpaka barabarani.

Simu ilikuwa kwenye pindo la kitenge changu.

Na sauti ilikuwa yangu.

Tangu utoto, nikibaki peke yangu naosha vyombo, nilikuwa naviita vichanja kama mama, kimoja kimoja, najijibu mwenyewe. Katonga hakuna aliyewahi kunisikia nikipaza sauti. Wangejuaje kwamba koo la mama nimelichukua zima?

Siku hizi kila asubuhi natuma sauti kwenye grupu, kwa namba yangu, naviita vichanja vyote. Wanawake wanajibu. Mara ya kwanza Skolastika aliniangalia muda mrefu, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akajibu, "Twumvise."

Ndugu zangu, mtu mkimya usimpime. Hujasikia sauti yake.

Na wewe Benedict, najua hizi stori huwa unazisoma. Nilikuwa mimi.

Umesikia?