Kichaka Kilichoniharibia Picha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachanganyikiwa upya. Nilikuwa kijana mwenye kamera na kiburi, nikiandaa maonyesho ya picha za kilima kilicho juu ya mtaa wa Kinanira. Migomba ilikuwa imekatwa, nyasi zimenyolewa, nyua za miti zimenyooshwa kwa kamba hadi kwenye geti za majumba mapya. Nilipiga picha nikisema ni pazuri. Moyo haukutulia, wala sikujua kwa nini.

Kiwanja kimoja tu kilibaki na fujo zake, cha shangazi yangu Karitasi. Pembeni palikuwa na kichaka cha muravumba, ile dawa ya kikohozi, kimeota shaghalabaghala. Nilipiga picha moja, nikaona kinaniharibia. Shangazi alikuwa kanisani. Nikaking'oa, nikasawazisha udongo kwa reki, nikapiga tena. Nikajipongeza, fikiria!

Aliporudi alisimama penye udongo uliosawazishwa, kitambaa cha kichwa mkononi.

"We mutoto, muravumba yangu iko wapi?"

Nikamwambia nimemsafishia. Akakaa chini palepale.

"Mutoto yangu wa kwanza alilala chini yake. Apana jiwe, apana musalaba. Ni ile muti tu."

Niliona aibu. Nikashuka mjini kusafisha filamu, nipate ile picha mbaya yenye kichaka, kesho yake nikarudi nayo. Nikaifuata, nikapima kutoka kona ya jiko.

"Ni hapa, shangazi."

Akasogea hatua nne upande wa pili. "Apana. Ni hapa. Mi ndiye nilimuzika."

Akapanda tawi la muravumba alipotaka yeye. Picha inasema pengine. Nani alikosea? Sijui hadi leo, na nimezeeka.

Mwanangu, wewe unayefuta kwenye simu kila kinachokuudhi, usiguse kitu kabla ya kumuuliza mwenyewe kiko pale kwa nini. Ukiona mahali pamenyooka mno na moyo wako haukai, usijione mjinga. Piga hivyo hivyo, na wasiwasi wako uingie kwenye picha. Ile mbaya usiitupe.

Mungu akupe jicho la subira na mkono mzito wa kung'oa. Na ukipanda kilimani kule kwa shangazi, kwenye muravumba pita kando. Hatua nne mbele yake, pita kando tena.