Usukani Uliotetemeka Mbele ya Mama Mkwe

Kwa miaka tisa mama mkwe wangu hakuwahi kunisemesha. Si ugomvi. Katika ukoo wao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawazungumzi. Maneno yote hupitia kwa mke, kama mizigo inavyopitia forodhani. Ila kulikuwa na kajambo: siku ya kupanga mahari nilibishana na wajomba mpaka wakapunguza ng'ombe wawili, na mama hakuwasahau wale wawili.

Sasa mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na alitaka mama yake aje Tunduma akae mpaka ajifungue. Jibu la mama likatoka Mlowo: atakuja, ila kwanza alale siku moja aone tunavyoishi.

"Akigeuza na basi la kesho," mke wangu akaniambia, "utanizalisha wewe."

Nikanunua matairi mapya manne ili nikamchukue kwa heshima. Nikayahesabu, nikarudia. Fundi pale Tunduma akayafunga, akayapima kwenye mashine ya balansi, akaanza kubandika vile vipande vya risasi vya kusawazisha uzito kwenye rimu. Tairi la kwanza akalipa vipande vitano. La pili kimoja.

"Mbona unapendelea?"

"Mashine ndiyo inasema, mzee."

"Mashine hainunui matairi. Yote nimelipia sawa, yapewe sawa."

Akanitazama, akaitazama foleni ya wateja nyuma yangu, kisha akagawa: vitatu kwa kila tairi. Kumi na viwili. Nikaondoka kifua mbele.

Mimi na mke wangu tulipopita Ihanda kuelekea Mlowo, kwa spidi themanini, usukani ukaanza kutetemeka. Nikishuka hamsini, unatulia. Nikipanda themanini, mikono inacheza mpaka mabegani. Mke wangu akashika tumbo, akaniuliza ni nini. Nikamwambia tairi jipya linaizoea barabara. Nilisema vizuri, hata mimi nikaamini.

Mlowo mama akatoka nyumbani na kamfuko kadogo, ka mtu anayelala siku moja. Akaingia kiti cha nyuma, upande wangu, akajifunika kitenge kichwani. Nikageuza kioo cha ndani kikatazama paa, macho yasije yakagongana. Tukaondoka. Themanini ikafika, mikono ikaanza kucheza.

Nyuma kitenge kikasogea kidogo.

"Mwambie mwenzio," mama akasema hatimaye, sauti laini kabisa, "kumwogopa mkwe ni adabu. Nimeiona. Lakini asiogope hivyo, tufike."

Mke wangu akanigeukia, akauma midomo asicheke. Sifa ya bure haikataliwi, na hii ilikuwa ya kwanza kutoka upande ule. Nikaongeza mwendo kidogo, adabu ionekane zaidi.

Kufika Vwawa mke wangu akasema yeye na mtoto wametikiswa vya kutosha, nisimame gereji. Fundi wa pale, mzee wa sauti kubwa, akaniuliza maswali kama daktari.

"Ukikanyaga breki, inazidi?"

"Haizidi."

"Spidi ndogo?"

"Imetulia."

"Basi si diski za breki. Kiti nacho kinatetemeka, au usukani tu?"

"Usukani tu."

"Mbele hiyo. Balansi." Akainama, akazunguka gari lote, akaguna. "He! Tatu, tatu, tatu, tatu! Nani kagawa hivi? Hii ni gari au pilau la msibani?"

Mke wangu akacheka mpaka akashika mlango.

"Anasema nini?" mama akauliza toka ndani ya kitenge.

"Mama, mwenzangu alitaka matairi yapewe risasi sawasawa. Ndiyo maana mikono ilikuwa inatetemeka."

"Kumbe si adabu."

"Si adabu, mama."

Niliona wazi basi la kesho, na mimi nikichemsha maji ya kuzalishia. Fundi akafungua magurudumu ya mbele, akayapima upya. Moja akalipa vipande vitano. Jingine akalibandika kimoja, akafuta mikono. Mdomo wangu ukatangulia:

"Kimoja tu?"

"Wewe mwanaume!" Kitenge kikaanguka mabegani. "Mwache fundi afanye kazi yake!"

Sote tukaganda, hata fundi, ambaye hakuwa na habari za mwiko wetu. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Akakitoa polepole, maana neno lilikuwa limeshatoka.

"Umenifungua kinywa," akaniambia, sasa ananitazama kabisa. "Anayemfungua mkwe kinywa anatoa kitu. Vitenge viwili."

Pumzi ya kubishana ikapanda mpaka kooni. Nikalitazama tumbo la mke wangu.

"Viwili, mama. Hamna shida."

Nilikubali upesi mno; hata mtoto wa sokoni hafanyi hivyo. Akaniangalia kwa makini, kama mtu aliyegundua kuwa bei aliyotaja ilikuwa ya chini.

"Na blanketi zito," akasema. "Huko kwenu usiku kuna baridi, na mimi sijui nitakaa miezi mingapi."