Simenti ya Adolphine

Kama unafikiri mutu hawezi kuogopa simenti, basi hukumujua mulamu wangu Adolphine, muke wa kaka yangu Firmin. Mimi Godelive niliishi naye miaka kumi na mbili, kwa hiyo ninajua ninachosema. Mwanamuke wa kazi, mwenye huruma, na kichwa kigumu kuliko tofali. Watu aliowapa mahali pa kulala katika maisha yake siwezi kuwahesabu. Lakini mwanzo wake, eh, mwanzo wake ulikuwa wa kuchekesha.

Tulipata nyumba Bagira, mutaa wa Bukavu, mwisho wa mwaka wa hamsini na sita. Ngoja kwanza nikueleze tulikotoka. Miaka sita tulipanga kule Kadutu, chumba kimoja kimoja, na mara tano tulihamishwa. Mara ya mwisho mwenye chumba alitutolea vyombo nje, mvula ikajaa ndani ya masufuria, na Adolphine alikuwa na mimba ya Pascal. Alikaa juu ya gunia la viazi siku nzima akilinda vitu vyetu, na hakuna hata mutu mumoja aliyemwambia "pita ndani". Ile siku hakuisahau. Basi Firmin, ambaye ni fundi mwashi, alipoitwa kwenye biro ya cité, ofisi inayogawa nyumba za serikali, akapewa ufunguo, Adolphine alipiga magoti palepale barabarani. Nikamwambia ainuke, watu wanatuangalia.

"Baangalie," akanijibu. "Niko na mulango yangu."

Vyumba viwili na sebule, madirisha ya kioo, sakafu ya simenti nyekundu, na jiko dogo nyuma, mbali kidogo na nyumba. Siku ya kwanza aliipaka ile simenti sire, mafuta ya kung'arisha, akaisugua kwa magoti mpaka ukaweza kuona meno yako ndani yake. Jioni nikauliza nitandike wapi. "Tungoje kidogo," akasema, "isichafuke."

Kidogo! Wiki ikapita, mwezi ukapita. Tulilala jikoni, yeye, mimi na mutoto Pascal, katikati ya mbabula, lile jiko la makaa, na gunia la makala yake, na nyumba nzima imefungwa. Hata Firmin, aliyekuwa anajenga maduka kule Kamanyola na kurudi mara moja kwa mwezi, alilazwa jikoni. Akagonga kichwa kwenye bati, akalalamika, "Muke wangu, nimejenga nyumba za batu mpaka mukono inaniuma, na yangu ninaiona kwa dirisha?" Adolphine akamwambia anawe miguu kwanza. Kaka yangu alirudi Kamanyola kabla ya siku zake kuisha.

Na baridi ya Bukavu si ya kuchezea. Ile ya jikoni bado iko ndani ya magoti yangu mpaka leo. Lakini kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, Adolphine alienda kuweka kiganja kwenye ukuta wa nyumba na kusema, "Mungu, aksanti." Kisha anafungua, anafagia mahali pasipo na uchafu, anafunga. Siku moja nikamuuliza kama anamushukuru Mungu kwa ajili ya nyumba au kwa ajili ya ufunguo. Akanipa masufuria yote niyasugue mpaka jioni.

Kwenye buku ya nyumba, daftari tulilopewa na ufunguo, karani wa biro alikuwa ameandika majina yetu manne, akatuonya mambo mawili. La kwanza, asiyeandikwa asilale humo bila ruhusa. La pili, nyumba si ya kufunga na kuacha, maana wanaoingoja ni wengi. Ukikosea moja kati ya hayo, unarudisha ufunguo. La kwanza lilimutetemesha Adolphine. La pili hakulisikia kabisa, kwa sababu yeye alikuwa hajaenda popote.

Mwezi wa tatu mvula ikazidi. Kule Kadutu udongo wa mulima uliteremka na nyumba kadhaa. Mchana mumoja Colombe, mujane aliyekuwa jirani yetu wa zamani, akatokea mbele ya jiko letu, matope mpaka kiunoni, mutoto muchanga mugongoni, wengine wawili wameshika nguo yake.

"Maman Adolphine," akasema, "nyumba haiko tena. Sisi tuko bazima. Lakini pa kulala hatuna."

Niliona macho ya Adolphine yakienda kwenye buku, ilikotungikwa kwenye musumari. Nitasema kweli, mimi nilitaka aseme hapana, na nikaona haya. Kisha akaangalia sufuria ya Colombe, ile moja aliyoiokoa. Ilikuwa imejaa maji ya mvula.

"Ingia, dada. Ingieni yote."

"Wapi?" nikauliza. "Jikoni tuko sisi."

"Aka! Mugeni analazwa jikoni? Mama yangu hakunilea vile!"

Akavua ufunguo shingoni, akafungua nyumba, akawatandikia mukeka wetu mupya juu ya ile simenti, na matope yao yote. Sisi tukarudi kwenye makala. Wenye nyumba jikoni, wageni kwenye sire! Nilicheka mpaka nikalia.

Watoto walimwaga uji sebuleni. Walichora ukuta kwa makala. Nepi za yule muchanga zilitungikwa kutoka dirisha mpaka dirisha. Adolphine alipita nyuma yao na kitambaa, roho inamuuma. Na kila alipoona mutu wa kofia ya serikali barabarani, alishika kifua.

"Godelive, batatunyanganya nyumba."

"Basi uwapeleke kwengine."

"Wapi? Uniambie wapi, baende leo leo."

Nikachukua kitambaa, nikamusaidia kufuta.

Siku ya tisa, asubuhi, karani Adalbert akapiga hodi, na mufuko wa ngozi mukononi. Nilimuvuta Adolphine mukono, nikamwambia amucheleweshe kidogo, mimi niwapitishe wageni nyuma mpaka shambani.

"Mutoto iko na kikohozi," akasema. "Simutoe kwa mvula."

Akafungua mulango wote. Karani akaona mikeka, nepi, uji, na Colombe kwenye kona, fundo lake la nguo tayari mukononi.

"Bwana karani," Adolphine akaanza, "hawa habako mu buku. Nyumba yabo ilibebwa na udongo. Kosa iko yangu mi peke yangu, bwana yangu hajue. Kama ni kunyanganya, unyanganye. Lakini ngojea mvula ikatike, nakuomba."

Karani akatazama ukuta uliochorwa. "Na ninyi munalala wapi?"

Adolphine akainamisha kichwa. Mimi nikachoka.

"Jikoni, Bwana! Toka mwezi wa kumi na moja! Juu ya kuogopa kuchafua simenti!"

Karani akanitazama, akamutazama Adolphine, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Akatoa ndani ya mufuko kufuli mpya, kubwa, akaiweka mezani.

"Mama, hii unajua nilileta ya nini? Kabla ya hii mvula mulinzi wa cité amesema mara tatu, hii nyumba haina mutu. Dirisha imefungwa, taa haiwake, hakuna mutu anapita ku mulango. Tukasema umemufuata bwana yako Kamanyola. Iko familia ingine ya kupewa, na mi nilikuja kufunga leo." Akainua kiatu, akatazama chini yake. "Sasa nitaandika nini? Nyumba haina mutu, na nimekanyaga uji?"

Mungu wangu! Karani akaandika kwamba nyumba iko na watu. Akamwambia Colombe aende kesho biro kuchukua karatasi ya ruhusa ya mwezi mumoja, na jina lake liingie kwa wanaongoja. Kufuli ikarudi mufukoni. Kwenye mulango akageuka.

"Na wewe, mama, ulale ndani. Nisikukute tena jikoni."

Alipokwenda, Adolphine akakaa chini akalia, akacheka, akalia tena, na mimi pamoja naye. Colombe alikuwa bado ameshika fundo lake. Adolphine akamunyanganya, akalitupa chumbani. Halafu akatoka mbio kwa mvula mpaka jikoni, akarudi na mukeka wake kichwani na Pascal kwa mukono. Hakunawa miguu. Akavuka sebule yote mpaka chumba cha kulala, na matope yakabaki kwenye simenti, hatua kwa hatua. Colombe akaogopa, akakamata kitambaa, akapiga magoti kufuta.

"Acha, dada," Adolphine akasema. "Ile iko miguu ya mwenye nyumba."