Kisanduku cha Themanini na Saba

Watu wa Kathonzweni wakitaka kumchokoza Ndeti humwambia kwamba jina lake limeandikwa mara nyingi kuliko la mbunge. Yeye hucheka, kwa sababu kuna wakati ilikuwa karibu kweli. Tangu alipojifunza kazi ya mabango kule Migwani, akiwa kijana mwembamba wa kubeba ndoo, hakuwahi kumaliza ukuta bila kuweka saini kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto: NDETI ARTS, na namba ya simu. Fundi aliyemfunza alisaini hapo, naye akasaini hapo hapo. Bucha, kinyozi, duka la dawa za mifugo, nasari ya kanisa, zote zilibeba jina lake kama ng'ombe wanavyobeba chapa.

Lakini dunia haina adabu. Siku hizi bango linatoka kwenye mashine mjini Wote asubuhi, na mchana linaning'inia mlangoni. Kampuni za simu nazo zilikuja na ndoo zao, zikapaka maduka mazima mazima, na majina ya zamani yakalala chini ya rangi. Ukitembea leo kutoka Kathonzweni hadi Matiliku utaiona saini ya Ndeti mahali pawili tu, na mojawapo ni choo cha soko.

Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Yeye na mkewe Mumbua hawakujaliwa mtoto. Kwao Ukambani jina la mzee huitwa tena siku mjukuu anapopewa jina hilo, na asiye na mjukuu hana wa kumrithisha. Ndeti alikuwa ameweka jina lake kwenye kuta, na kuta zilikuwa zinapakwa upya moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo shule moja ya sekondari nje kidogo ya Matiliku ilipomwita achore jedwali la elementi kwenye maabara mpya, aliona Mungu amemkumbuka. Nani atapaka tangazo la simu ndani ya maabara? Huo ukuta ungebaki na jina lake hata yeye akiwa ameshazikwa.

Mumbua alikwenda naye kama siku zote. Ndiye aliyechanganya rangi, akashika ngazi, akaosha brashi, na kuvuta ncha ya pili ya uzi wa chaki ili mistari inyooke. Ndeti alipenda kumwambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, hasa ngazi ilipokuwa inatikisika. Kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kuitiwa, watu walimwita Mama Rangi, naye aliitika.

Kazi ilikwenda vizuri. Mwalimu wa kemia, Madam Waruguru, mtu wa Nyeri aliyekaa Ukambani mpaka akaacha kulilalamikia jua, aliwapa karatasi ya kunakili na kuwaacha wajitawale. Visanduku vikajaa safu kwa safu. Alasiri ya mwisho kilibaki kimoja, nacho kilikuwa kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto.

"Madam, hii ya kona ni ya nini?" Ndeti akauliza. "Hii Fr."

"Hiyo ni fransiamu, mzee. Hiyo hakuna mtu amewahi kuishika," akajibu Madam, vitabu kwapani na kengele inalia. "Hata ukizunguka maabara zote za Kenya hupati."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ndeti alikitazama kile kisanduku cheupe, kimekaa pale pale alipozoea kusaini, na akaona neema.

"Na hicho kisanduku si ni cha watu?" Mumbua akamuuliza kutoka chini ya ngazi.

"Mwalimu mwenyewe amesema hakuna."

Asubuhi iliyofuata Madam Waruguru aliingia kuikagua kazi. Alishuka na kidole kwenye safu ya kwanza, akisoma kwa sauti: haidrojeni, lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu, siziamu, NDETI ARTS. Alicheka mpaka akashika meza. Alipotulia akasema kwa upole kwamba itabidi jina litoke.

"Madam," Ndeti akasema, "kitu hakipo, na kina nyumba. Mimi niko hapa, na sina. Hiyo ni haki?"

Hapo ndipo mwalimu alipoona kwamba mzee hatanii. Akavuta stuli, akaketi.

"Si ati haiko, mzee. Ni vile haikai. Ukipata kidogo, wewe enda kunywa chai. Ukirudi baada ya dakika ishirini na mbili hivi, nusu imeshageuka kitu kingine. Ile imebaki, dakika zingine kama hizo, nusu tena. Inazaliwa ndani ya mawe yenye uraniamu, inaisha, inazaliwa ingine. Ukikusanya yote iko kwa mawe ya dunia mzima saa hii, haijazi kikombe."

"Sasa mlijuaje iko?"

"Kwa mahali pake."

Akainuka, akamwonyesha. Ukiacha haidrojeni ya juu, wote wa safu hii ni ukoo mmoja, metali laini, kila mmoja na elektroni moja ya nje anayoitoa bila kuombwa. Sodiamu ukiitupa majini inarukaruka. Potasiamu inashika moto. Kadiri unavyoshuka, hasira inazidi. Kulikuwa na elementi namba themanini na sita, kulikuwa na namba themanini na nane, na katikati pengo, kwa hiyo watu walijua kwamba chini ya siziamu kuna ndugu hajaonekana. Wakamwekea nafasi miaka mingi.

"Na wengi walikuja wakisema wameipata," akaongeza. "Wasomi wakubwa. Kila mmoja akaipa jina analotaka. Hayo majina yote yalifutwa."

Ndeti akakitazama tena kisanduku chake.

"Nani aliipata kweli?"

"Mama mmoja huko Paris. Wakati huo hakuwa hata na digrii, alikuwa tu msaidizi wa kutayarisha vitu kwa maabara. Akaipa jina la nchi yake, hakuweka lake. Na ile miali ya kazi ikamharibu mwili, akaugua saratani miaka mingi mpaka akafa."

Mumbua alikuwa kwenye sinki anaosha brashi. Akafunga mfereji.

"Aliitwa nani?" akauliza.

"Nimefundisha hii kitu miaka yote hii," akasema Madam Waruguru, "na sijui." Akatoa simu, akakuta hakuna mtandao, akatoka kwenda kuutafuta getini.

Wale wawili wakabaki. Ndeti alimtazama mkewe kama mtu aliyeambiwa atazame. Vidole vya Mumbua vilikuwa vimepasuka kwa tapentaini, na kile kikohozi chake cha rangi kilikuwa cha miaka. Akajaribu kukumbuka ukuta mmoja, hata wa kioski, aliowahi kuuandika bila mwanamke huyu kuvuta uzi upande wa pili. Hakuukumbuka. Aliona aibu, na aibu ya uzeeni ni mbaya kwa sababu hakuna pa kuipeleka.

Alichovya brashi kwenye rangi nyeupe, akafunika NDETI ARTS. Mara ya kwanza herufi zilionekana bado, akarudia. Ilipokauka akaandika Fr, na juu yake 87, kwa mkono wake mzuri kabisa.

Madam alirudi na jina la yule mama amelinakili kwa kalamu kiganjani. Akawasomea. Mumbua akalirudia mara mbili, akilivunjavunja, lakini alilisema.

"Mzee, bado kuna nafasi," Madam akasema, akionyesha ukuta mtupu chini ya zile safu mbili za mwisho zilizotengwa na jedwali. "Hapo si pa mtu. Weka jina."

Ndeti akachuchumaa, brashi mkononi. Kisha akainuka, akampa Mumbua.

"Andika wewe."

"Niandike nini? Jina lako?"

"Lako."

"Wacha mchezo. Watoto watafikiri ni elementi ingine."

Lakini brashi alikuwa ameshaishika. Alipiga magoti. Brashi hizo alikuwa ameziosha maisha yake yote ya ndoa, na hakuwahi kuitia moja ukutani. Alianza kwa M kubwa kupita kiasi, akapungukiwa na nafasi, akabana zilizofuata.

Madam Waruguru akainama kusoma. "Kumbe wewe ni Mumbua?"

"Ndiyo," akasema Mumbua. "Mumbua."

Ndeti, ambaye hajawahi kuacha herufi iliyopinda kwenye ukuta wowote, aliiona A ya mwisho ikiteleza kuelekea sakafuni. Hakuigusa.