Gari Lililolala Sebuleni

Giaboksi ya basi letu ilivunjika Jumatatu mchana, na dereva akatutangazia abiria kwamba kipuri kingefika Ijumaa. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ya wiki hii au nyingine." Nikabeba begi langu nikaingia mji nisioujua, nikitafuta chumba cha kupanga siku chache. Mwenye duka la vioo akanielekeza nyumba ya tatu, ile yenye mlango mpana kuliko nyumba yenyewe. Nilidhani ananitania.

Mlango ulikuwa wa chuma, wa mabawa mawili, umekula karibu ukuta wote wa mbele. Mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni na pini tatu kifuani akanifungulia bawa moja.

"Karibu, kaka. Pita sebuleni ukae."

Nikapita. Ukutani palikuwa na picha ya harusi na saa, pembeni televisheni juu ya meza ndogo, na katikati, mahali pa makochi, gari dogo jeupe la milango mitatu. Mama akanifungulia mlango wa gari.

"Kaa nyuma, ndiko wanakokaa wageni. Mbele anakaa mwenyewe."

Nimekaribishwa sebuleni kwa lugha nyingi, lakini ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuletewa chai dirishani.

Mwenye gari alirudi saa kumi na moja jioni, kwa miguu, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Kazini kwake ni mwendo wa saa nzima. Nikamuuliza kwa nini haendi na gari. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini haogi na saa yake ya mkononi.

"Kazini kuna wezi," akasema.

Alikuwa mkadiria hasara wa kampuni ya bima. Kwa miaka ishirini na sita watu wamekaa mbele ya meza yake wakiyalilia magari yao yaliyoibwa, yaliyogongwa na yaliyoungua, naye amewapigia hesabu na kuwaambia kwa upole kwamba walichopoteza hakikuwa na thamani wanayodhani. Mtaa ulimwita Bwana Hasara. Mkewe alimwita Baba Pacha, kwa heshima ya mapacha wao, ambao walihama nyumbani wiki ileile ukuta wa mbele ulipobomolewa kupisha gari.

Maana mtu anayesikiliza habari za wizi kutwa nzima hawezi kurudi nyumbani akaacha gari nje. Alianza na king'ora. King'ora kikamtia wasiwasi, akaongeza chuma cha kufunga usukani. Chuma kikahitaji mwenzake, ukaja mnyororo wa gia, kisha swichi ya siri ya kukata mafuta, ambayo siri yake mtaa mzima unaijua kwa sababu hupiga magoti na kuipapasa huku akikohoa ili asisikike. Namba ya gari ameichora kwenye vioo vyote, kwenye taa, kwenye jeki, hata kwenye kisahani cha majivu, naye havuti sigara. Vioo vya pembeni amevifungua, huviweka chini ya kitanda anacholalia. Baada ya yote hayo akaliingiza ndani. Jumapili hulitoa, hulizungusha mitaa miwili, hulirudisha na kulifuta. Wanaume wengine wa umri wake hucheza bao.

Nilipangishwa kijichumba cha uani kilichotosha kitanda tu, lakini nilifika katika wiki mbaya. Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka kumi alishona kwenye ujia wa kwenda jikoni, mgongo ukutani, kila apitaye na sufuria akiomba samahani. Sasa shule moja ilitaka sare mia tatu. Wenzake watatu walikuwa tayari kuleta cherehani zao. Kilichokosekana ni chumba cha kuziweka pamoja na meza ya kukatia. Mwalimu mkuu angekuja Ijumaa saa kumi kuona mahali pa kazi, na asipopaona, kazi ingekwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mwenye chumba kikubwa na mishono mibaya.

Bwana Hasara alikuwa amekubali kuuza gari. Alikubali mbele ya mashahidi, tena kwa moyo mkunjufu. Kisha akaketi kupanga bei.

Alinionyesha karatasi. Alianza na bei ya gari jipya. Akapunguza kidogo kwa umri, kidogo sana, kama mtu anayemtoza rafiki. Halafu akaanza kujumlisha: matairi, redio, king'ora, vyuma, mnyororo. Uchoraji wa namba, kwa kila kipande. Rangi isiyonyeshewa usiku hata mmoja. Mwisho kabisa, laki nane.

"Hizi laki nane za nini?"

"Halijawahi kuibwa," akasema.

Jumla milioni sita.

Jumatano jioni akaja dalali wa magari, kijana mwenye miwani ya jua aliyoivaa mpaka ndani. Alilizunguka gari akigonga mabati kwa kidole.

"Mzee, mwisho ngapi?"

"Mwisho wa nini? Hata hatujaanza."

"Basi tuanze mwisho. Mbili."

"Milioni mbili! Kijana, umeziona hizo namba kwenye vioo?"

"Nimeziona. Na mteja wangu ataziona. Ataniuliza, huko lilikotoka wezi walikuwa wangapi? Nikimwambia lilikuwa linalala sebuleni, atauliza, lina ugonjwa gani?"

Alipoondoka, Bwana Hasara alihesabu vifuniko vya magurudumu. Vilikuwa vinne.

Siku iliyofuata mkewe akamshauri alipeleke kwenye kiwanja cha kulipia, chenye mlinzi, huku wakisubiri mnunuzi.

"Mlinzi ndiye mwizi wa kwanza. Wengine wanampisha yeye kwanza."

"Basi barabarani, mbele ya dirisha."

"Mama Pacha, ungemlaza mwanao barabarani?"

"Wanangu waliondoka wenyewe," mama akasema, akarudi ujiani kwenye cherehani yake.

Ijumaa Bwana Hasara aliomba ruhusa kazini, na saa tano asubuhi akaja mkunga. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye saa kubwa ya mkononi, aliyechoka kusubiri usafiri wa watu kila anapoitwa. Mama Pacha alikuwa amemshonea sare za kazi, hivyo akamwita mwenye gari shemeji kabla hata hajakaa.

"Shemeji, liwashe nilisikie."

Bwana Hasara akafungua kufuli la mnyororo, akautoa mnyororo. Akafungua chuma cha usukani. Ufunguo wake haukuwa ule. Akaenda chumbani akarudi na mwingine. Akaleta vioo vya pembeni, akavifunga. Akazima king'ora, kikalia kwanza, kwa kuwa huo ndio utaratibu wake. Akapiga magoti, akakohoa. Gari likawaka mara moja, kwa mlio mtulivu, mzuri kweli. Mkunga akatazama saa.

"Dakika kumi na moja. Shemeji, mimi nikiitwa kwa mama wa uzazi wa nne, kwa mwendo huu nitakuta mtoto keshaota meno."

Wenzake Mama Pacha waliokuwa wamekaa mlangoni na cherehani zao wakacheka hadi mmoja akashika ukuta. Bwana Hasara hakucheka.

"Usalama una gharama yake, dada."

"Naona. Ndiyo maana nitatoa tatu. Milioni tatu taslimu, leo hii. Na hiyo minyororo bakia nayo."

Ilikuwa bei nzuri. Nilijua, na mkewe alijua zaidi. Alikuja kutoka ujiani na kitabu chembamba cha jalada la buluu, cha kazini kwa mumewe, akakifungua pale pale kwenye boneti.

"Gari dogo, miaka kumi na minne," akasoma. "Thamani iliyobaki, milioni mbili na laki mbili. Baba Pacha, si ndiyo hesabu unayowapa watu?"

"Hiyo ni ya magari ya watu."

"Na ile barua unayowaandikia wateja, unayonisomea tukila? Thamani ya kitu ni kile ambacho mtu aliye tayari atalipa leo. Huyu hapa yuko tayari. Leo ndiyo hii."

"Huu ni wizi!"

"Basi mwizi kaja mchana, kapiga hodi, na hela kaja nazo. Wewe ulikuwa unamsubiri mwizi wa namna gani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba milioni sita haikuwa bei. Ilikuwa kufuli, imara kuliko yote aliyonunua, kwa kuwa yale mengine ya chuma yanafunguka. Wezi walikuwa wamelipuuza lile gari miaka kumi. Walioanza kulitaka walikuwa wanunuzi, na dhidi ya hao hakuna king'ora.

"Sita," Bwana Hasara akasema.

Mkunga akainuka, akamgusa Mama Pacha begani. "Pole, dada," akasema, akatoka.

Mama Pacha hakugombana na mumewe. Alitazama saa ya ukutani, ikaonyesha saa sita kasoro, kisha akafungua mabawa yote mawili ya mlango.

"Mwalimu anakuja saa kumi," akasema. "Gari linatoka. Kwa tatu au kwa bure, linatoka."

Bwana Hasara alikaa kwenye usukani muda mrefu. Mwishowe akashuka, akaingia chumbani, akarudi na mto, blanketi na faili lake la kazi.

"Nakwenda kwa kaka yangu," akasema. "Ana ghala la mbao lenye mlango wa chuma. Nitakaa nalo huko."

"Kazi je?"

"Nitaomba likizo."

"Utarudi lini?"

"Likinunuliwa."

"Kwa sita?"

"Kwa sita."

"Basi chukua na sweta," akasema mkewe, akaenda mwenyewe kulileta.

Pengo kati ya gari na fremu ya mlango lilikuwa la upana wa kidole kila upande. Mama akasimama barabarani akimwongoza kwa mikono. "Rudi, rudi. Kulia kidogo. Kulia kwako, si kwangu. Haya, rudi." Sauti yake haikuwa na hasira wala majonzi. Ndivyo anavyomwambia mteja ainue mkono apimwe. Gari likatoka bila mkwaruzo. Sakafuni likaacha madoa manne meusi ya mpira na mstatili wa saruji safi ambao haukuwa umeona mwanga miaka kumi.

Kwenye kona Bwana Hasara alisimama, akashuka, akajaribu vitasa vya milango yote mitatu, mmoja baada ya mwingine, akapanda tena. Akawasha taa ya kuashiria kushoto, ingawa barabara ilikuwa tupu, akapinda.

Wale wanawake walikuwa wameshaingiza cherehani ya kwanza. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti akipima sakafu kwa futi yake, pini midomoni.

"Kaka mgeni," akasema kupitia pini, "basi lenu limepona?"

"Bado."

"Afadhali. Hebu shika meza upande ule."