Kisanduku Kilichonyamaza Kando ya Redio

Barua ya labo, maabara inayopima vifaa vya umeme, ililetwa na mama mmoja wa Butembo, mfanyabiashara ambaye kila mwezi alikwenda Kampala kununua vitambaa. Nilikuwa nimeinama juu ya meza ya karakana yetu pale Ndosho, mtaa wa Goma, nikichomelea waya. Alinipa bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi habari ya msiba.

"Injenyeri, shika. Mimi sikufungua. Lakini ule mutu wa labo hakucheka hata kidogo wakati alinipa."

Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane tu kabla ya hapo, na kila nilipoitwa injenyeri niligeuka kidogo kuangalia kama kuna mwingine nyuma yangu. Nilifungua bahasha. Kisanduku chetu kilikuwa kimekataliwa kwa sababu mbili: kinatoa kelele za umeme kupita kiwango, na lebo yake ilitoka waliposugua kwa kitambaa chenye maji. Tungeweza kupeleka kingine mara moja tu. Kikikataliwa tena, mnunuzi angetafuta watu wengine.

Mnunuzi alikuwa chama cha wakulima upande wa Uganda. Walitaka visanduku mia mbili vya kuchajia simu kwa jua, vile vile ambavyo Goma tuliviuza bila karatasi yoyote. Sahani ya sola inakaa juu ya paa, waya unashuka, na kisanduku kinapunguza umeme hadi kipimo cha simu. Ili kuupunguza, saketi ya ndani inaukata na kuuachia maelfu ya mara kwa sekunde, na huko kukata kunatoa mawimbi. Yakivuja nje, redio ya jirani inalia kama nyuki. Sisi tulikuwa tumezoea: ukitaka habari, unazima kisanduku. Lakini kitu cha kuuzwa ng'ambo ya mpaka lazima kipimwe kwanza, ili kisisumbue vitu vya watu wengine, tena kiwe na lebo isiyofutika, inayosema ni kitu gani, kinatumia umeme kiasi gani, nani amekitengeneza na wapi.

Muzee mwenye karakana alikuwa amekataa kazi nyingine zote kwa ajili ya agizo hilo. Aliwaambia wateja wa redio mbovu waende kwa mafundi wa mtaa wa Katindo. Alifanya hivyo kwa sababu mimi nilimwambia, siku moja niliyojiamini sana, kwamba naweza. Agizo likipotea, asingeweza kutubakiza wote wawili, mimi na mama wa rangi.

Mama wa rangi alikuwa amekimbia Masisi na watoto watatu, akawa analala kwa dada yake katika mtaa wa Majengo. Kila asubuhi alikuja kwa miguu, akafunga kitenge cha kazi na kuanza kupaka visanduku vyetu rangi ya buluu. Mwili wa kisanduku tuliukata kutoka makopo ya mafuta ya kupikia, yale yanayogawiwa kwenye kambi za wakimbizi. Makopo matupu yalipatikana kila mahali, maana kambi zilikuwa zimefika hadi ukingoni mwa mji. Alipaka nje, akapaka ndani, akapaka hadi pembeni kabisa, pale mfuniko unapokutana na mwili. Hakuacha hata upana wa ukucha.

"Fundi alijenga nyumba yangu kule Masisi akaacha pembeni ya mabati bila rangi," alipenda kusema. "Kutu ikaingia palepale. Mimi siachake pembeni."

Na hapa kwetu, ambako moshi wa volkano unashuka na mvua na kula bati, hakuna aliyeweza kumbishia.

Nilimsomea muzee barua. Alisikiliza huku akifuta miwani kwa shati.

"Sasa kelele inatoka wapi?"

"Bado sijui, papa."

"Haya. Utajua," akasema, akaendelea na kazi yake.

Laiti angenigombeza. Nilianza kuandika orodha ya mambo yanayoweza kuwa chanzo, ikafika thelathini na moja. La ishirini na tisa lilikuwa kwamba labda sikuelewa kitu chochote chuoni. Nilisuka koili upya, nikahesabu mizunguko, nikasahau hesabu, nikaanza tena. Nilibadilisha vipuri ambavyo havikuwa na kosa. Kila baada ya badiliko niliweka redio ndogo ya muzee hatua mbili kutoka kwenye kisanduku na kuiwasha, na kila mara nyuki walikuwa palepale. Wiki ikapita. Kilichonitesa zaidi ni kwamba pamoja na kisanduku ningepaswa kutia saini karatasi ya ahadi, jina langu, kwamba kitu hiki hakisumbui mtu. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilifikiria jina langu kwenye karatasi hiyo mpaka pikipiki zikawa zinanipigia honi.

Kisha rangi ikaisha. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa vita, na duka tulilonunua rangi halikuwa hata na kopo moja. Mama wa rangi akakaa bila kazi, jambo lililomkera. Mimi nikaendelea. Niliunganisha kisanduku kimoja kikiwa hakijapakwa, bati tupu, hata maandishi ya mafuta ya msaada yakionekana ubavuni, nikakiunganisha na sola ili nijaribu koili nyingine.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana, saa ya habari. Mama wa rangi aliisogeza redio karibu yake, na kwa kuwa meza ilikuwa imejaa vipuri vyangu, aliiweka kando kabisa ya kisanduku. Alitaka kusikia kama watu wa kijiji chake wamepata njia ya kutoka. Msomaji wa habari akasema, sauti safi kama maji, kwamba njia ya kutoka Masisi kupitia Sake ilikuwa ikipitika tangu asubuhi.

"Ah! Leo injenyeri ametuhurumia," akasema. "Amezima kitu yake bila kuombwa."

"Sijazima, mama."

"Umezima. Sikia redio."

Niliangalia kisanduku, nikadhani waya wa sola umechomoka. Haukuwa umechomoka. Nikaangalia simu ya muzee iliyochomekwa pale: ilikuwa inachaji. Nikachomoa simu, nikachomeka tena, ikalia ding. Redio ikaendelea kusoma habari bila nyuki hata mmoja. Nilileta kisanduku cha buluu cha jana, nikakiunganisha mahali palepale. Nyuki wakarudi wote.

"Eee! Tuachie habari!" akapiga kelele mama wa rangi.

Koili mpya ilikuwa kwenye kile cha bati tupu, ya zamani kwenye cha buluu. Niliwaza: basi ni koili. Lakini sikujiamini, na hapo ndipo wasiwasi wangu uliponisaidia kwa mara ya kwanza maishani. Nilibadilishana koili. Kile cha buluu kiliendelea kulia. Kile cha bati kiliendelea kunyamaza.

Muzee alikuwa amesimama nyuma yangu kwa muda. Alichukua msumari kwenye kopo lake, akainamia kile cha buluu, akafungua mfuniko na kukwaruza rangi pembeni, mzunguko mzima, hadi bati likang'aa. Akakifunga tena na kukaza skurubu. Redio ikaacha kelele zake na kubaki na maneno.

Yote niliyosoma yakanirudia kwa mkupuo: sanduku la chuma linazuia mawimbi ikiwa mfuniko unagusa mwili, chuma kwa chuma. Rangi ikikaa katikati, inaacha ufa mrefu, na mawimbi yanapita hapo kama upepo chini ya mlango. Nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani. Nilipata alama zote.

"Ni rangi yangu?" akauliza mama wa rangi, polepole.

Muzee ndiye aliyemjibu.

"Rangi yako ni nzuri kupita kiasi, mama. Iko inafungia chuma asisalimiane na mwenzake."

"Na kutu?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Tuliamua kuacha pembeni ukanda wa upana wa kidole bila rangi, na kuupaka grisi nyepesi baada ya kufunga. Siku rangi ilipopatikana, yeye mwenyewe alibandika utepe wa skochi kwenye ukanda huo kabla ya kupaka, akaubandua baadaye kwa ukucha. Mistari yake ilinyooka kuliko ningeweza kuchora kwa rula.

"Mukisikia imeoza kwa kutu, musinitafute," alisema.

Lebo ya karatasi tuliiacha. Muzee alitoa mihuri yake ya chuma ya herufi, akagonga kwa nyundo kwenye kipande cha bati, nami nikimsomea: aina, umeme wa kuingia, umeme wa kutoka, namba ya kisanduku, mtengenezaji. Alipofika kwenye anwani akasimamisha nyundo. Karakana ilikuwa imehamishwa mara tatu kwa sababu ya vita. Nilimuuliza itakuwaje tukihama tena, je, lebo haitakuwa inadanganya?

"Injenyeri, tuko wapi leo?"

"Ndosho, papa."

"Soma basi herufi."

Nilisoma, akagonga. Kisha nikatia saini ile karatasi. Saini yangu haikufanana sana na saini yangu.

Mama wa Butembo alikibeba kisanduku kipya kwenda labo, akachelewa kurudi. Mpaka ulifungwa siku kadhaa, tukawa tunasikiliza redio kujua kama umefunguliwa. Sikulala vizuri. Nilijiuliza kama grisi itayeyuka ndani ya basi, kama kuna mtu atakayeangusha kisanduku, kama mfuniko utalegea. Siku aliyoingia, kabla ya kusalimia alianza kucheka.

"Mara hii alicheka! Ule mutu wa labo alicheka!"

Nilisoma: kimekubaliwa. Nikasoma mara ya pili na ya tatu. Kisha wazo baya likanijia, kwamba pengine wamechanganya, hii ni barua ya kisanduku cha mtu mwingine. Niliikimbilia namba iliyoandikwa chini, nikachukua daftari langu, nikalinganisha tarakimu moja moja na ile aliyoigonga muzee kwenye bati. Ilikuwa namba yetu. Chini yake, kwa mashine ya kuandikia, walikuwa wamenakili lebo yote, hadi neno Ndosho.

Nilikaa chini juu ya kopo tupu la mafuta. Mama wa rangi aliniwekea sahani ya fufu na sombe, mboga ya majani ya muhogo, magotini, na ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nilikula yote. Muzee aliwasha redio, akaiweka juu kabisa ya kisanduku kilichokuwa kinachaji, akafungua sauti hadi mwisho.