Uzito wa Rubani

Mimi kukaa sehemu moja sijui. Hata kwenye treni ya kutoka kazini hospitalini Flemingsberg, baada ya kuinua na kugeuza wagonjwa mchana kutwa, nilikuwa nasimama mlangoni na viti vitupu vinanitazama. Mama alisema nina siafu ndani ya viatu. Wenzangu wa rika langu walikuwa wanaolewa, wananunua sofa, wanagombana na mafundi wa jiko. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu, naishi na mama yangu Bredäng, hapa Uswidi, ghorofa ya sita, na ndege ikipita tu lazima nikimbilie dirishani.

Sasa ndege, kwa nyumba yetu, haikuwa jambo la kuchezea. Baba alipanda ndege ya mizigo huko kwetu mashariki ya Kongo nilipokuwa bado nabebwa mgongoni. Alikuwa anakwenda kutafuta bidhaa. Ikaanguka msituni. Habari zililetwa, yeye hakuletwa. Miaka baadaye tulipopata hifadhi Uswidi, mama aliingizwa ndani ya ndege akiwa ameshikwa mikono na watu wawili, na tangu ashuke siku ile hakupanda tena. Bibi yangu alipofariki Bukavu, mama alimzika kwa simu, amekaa sakafuni jikoni na spika imewashwa.

Kwa hiyo nilikua na swali moja ambalo halikunipa usingizi: kitu kizito namna ile kinashikwa na nini kule juu, na kwa nini siku nyingine kinaachiliwa? Mama nilimuuliza nikiwa mdogo, akanijibu ni Mungu. Nikamuuliza kama basi ni Mungu aliyemwachilia baba. Nilipigwa kofi ambalo nalikumbuka mpaka leo, halafu yeye ndiye aliyelia.

Waswidi wana desturi moja ambayo mwanzoni ilinichekesha. Wakipenda jambo, hata liwe uyoga au kufuma soksi, hawakai nalo peke yao. Wanaunda kundi la masomo, wanatafuta chumba, wanapanga zamu ya kuleta kahawa, na kuanzia hapo jambo limekuwa rasmi. Siku moja Vällingby, kwenye ubao wa matangazo wa maktaba, niliona karatasi ya kundi kama hilo. Walitaka kujifunza namna watu wa kwanza walivyobuni ndege, kabla ya injini, na kuunda moja kwa mikono kwa njia zilezile. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikasoma tena, nikakosa treni mbili.

Walikutana kwenye chumba cha chini ya jengo la ghorofa, karibu na chumba cha kufulia nguo. Wote walikuwa wastaafu, isipokuwa kijana mmoja. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja mzee, mwembamba, mwenye mikono mikubwa, ambaye ujanani alichora sehemu za ndege kiwandani. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Nilipoingia aliniangalia kuanzia juu mpaka chini, akanipa msasa na kipande cha ubao. Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake.

Katikati ya chumba kulikuwa na sanduku refu la mbao, upande mmoja kioo, mwisho wake feni. Ndani yake tulikuwa tunaweka mabawa madogo ya bati, kila moja na mkunjo wake, kama walivyofanya wale wa zamani ambao hawakuwa na mtu wa kuwauliza. Mgongoni mwa bawa tulibandika nyuzi fupi za sufu. Feni ikiwashwa, nyuzi zinalala shwari kufuata upepo, na bawa linainuka lenyewe. Tukilielekeza juu kidogo, linainuka zaidi. Tukilielekeza juu mno, nyuzi ghafla zinasimama na kuchanganyikiwa, na bawa linadondoka puu.

Jamani, siku nilipoliona lile nilikaa chini. Mimi! Kiongozi alieleza kwamba upepo umeachana na mgongo wa bawa, na kwamba wengi wa wale wa mwanzo walikufa hivyo hivyo, pua ya ndege imeinuka na hakuna nafasi ya kuirudisha. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi. Mimi nilikuwa namfikiria mtu mmoja ambaye sura yake naijua kwa picha tu.

Tuliunda majira ya baridi mawili. Mbavu za mbao laini, kitambaa kilichopakwa gundi, waya za kukaza, mabawa mawili, moja juu ya jingine, na mkia nyuma. Rubani alitakiwa kulala kifudifudi juu ya bawa la chini, mbele kabisa, na uzito wake ndio uliokuwa unaubishia mkia usiivute ndege nyuma. Wa kuruka kwanza alikuwa yule kijana, akapata kazi Göteborg akatuaga. Wazee wakatazamana, halafu wote wakanigeukia mimi. Loo! Nilikuwa nimesema ndiyo kabla hawajauliza.

Wakanilaza juu ya bawa kama mgonjwa kitandani, ndege nzima ikiwa imekalishwa juu ya bomba la chuma lililolala sakafuni. Kiongozi alisogeza mkia, akakata, akaongeza, akanisogeza mimi kwa mabega, mpaka ndege ikatulia juu ya lile bomba bila kuangalia juu wala chini. Akachora mstari wa chaki kuuzunguka mwili wangu. Ndege ile ilikuwa imeshonwa kwa kipimo changu, kama gauni. Tulijaribu mara kadhaa kiwanjani tukiwa tumeifunga kamba huku na huku, nikainuka kimo cha meza, nikashushwa. Ikabaki siku ya kuiachia kamba.

Ikabaki pia kumwambia mama. Nilikuwa nimemdanganya kuwa nasomea useremala. Nilipomweleza, alizima jiko, akakaa. Halafu akainuka. Alikwenda chumbani akafunga mlango, na nikamsikia anaomba mpaka sauti ikamkauka. Nilizunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilitaka aje siku hiyo. Si aniruhusu tu, la, aje asimame pale aone mtoto wake anapanda na anashuka mzima. Niliamini asipoliona hilo kwa macho yake tutazeeka wote wawili ndani ya ile ndege ya baba.

Asubuhi akaniwekea chai na sharti.

"Sikukatazi. Nikikukataza utaenda tu, kichwa yako naijua. Lakini utafunga pamoja na sisi, na miye nitakuja."

Sisi maana yake kikundi chao cha maombi, akina mama wa kwetu Kongo na dada mmoja Mganda aliyekuwa anaomba kwa Kiingereza, wote wakikutana kwenye ukumbi wa kupanga pale Bredäng. Wakaweka mfungo wa wiki mbili kwa ajili ya usalama wangu. Asubuhi mpaka jioni hakuna kitu, hata maji ni kidogo tu, na siku nyingine mpaka kesho yake. Nilikubali haraka. Mama kusema atakuja, ningefunga hata mwezi.

Nilifunga huku nasukuma vitanda hospitalini. Jioni chakula kilikuwepo, lakini kwa vile roho ilikuwa juu juu, nilionja vijiko viwili nikainuka kwenda dirishani. Kwenye kahawa ya kundi wale wazee walinisogezea mikate ya mdalasini nikaikataa, wakadhani najipunguza kama wasichana wa huku. Suruali ya kazi nikaifunga kwa kamba. Na hakuna aliyeona ubaya, si mimi wala mtu yeyote. Kuruka na wepesi si ndugu? Mama mwenyewe alinishika kiuno jikoni akafurahi. Alisema hata malaika hawatachoka kunibeba.

Siku ikafika, siku ya kiangazi, upepo mzuri wa kutosha. Tulikwenda kwenye mteremko nje ya mji ambako wakati wa baridi watoto wanateleza kwenye theluji. Mama alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani na begi la chakula cha kufungulia, akasimama mbali karibu na magari, ameipa ndege mgongo. Kiongozi alitandika ubao juu ya majani, akaweka juu yake mizani ya bafuni. Alikuwa na mazoea hayo, hata kama jana yake amekupima. Nikapanda. Akaangalia. Akaniambia nishuke, nipande tena.

Kisha akasema kilo nne zimepotea, leo haturuki.

Presha ilinipanda. Nilimwambia kilo nne ni nini bwana, ni mfuko wa unga, na tena nimepungua, sikunenepa! Nilimwambia mama yangu yuko pale na hatakuja mara ya pili. Niliongea Kiswidi, kikaniishia, nikamalizia kwa Kiswahili. Yeye alisubiri nimalize. Halafu akawaambia wazee waikalishe ndege juu ya bomba, akanionyesha nilale ndani ya chaki yangu. Nikalala. Mkia ukashuka taratibu mpaka majani, na pua ikainuka ikatazama mbinguni.

Nilibaki nimelala pale, naona mawingu mahali ambapo nilipaswa kuona mteremko. Nyuzi za sufu zilinijia kichwani. Kama tungeachia kamba, ningeinuliwa hivyo hivyo, juu mno, na huko juu upepo ungeachana nasi. Mfungo wa kunilinda ndio ungeniangusha.

Mama alikuja polepole. Aliuliza kuna nini. Nikamweleza yote nikiwa bado nimelala, maana nilikuwa naona aibu kuinuka. Nilijua atakachosema. Atasema Mungu amejibu, atanishika mkono, tutaingia garini tukale wali wetu, na hilo litakuwa limekwisha milele. Kwa nini asiseme? Alikuwa ameomba nisidhurike, na hii hapa njia imefunguka bila yeye kunyanyua kidole. Aliitazama ile mizani muda mrefu.

"Hapa wanapima kila mutu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na ikiwa haiko sawa, wanaacha?"

Nikamwambia wanaacha, ndiyo maana wameacha. Midomo ilikuwa inamtetemeka, nikadhani analia, kumbe ni hasira, hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Baba yako hakuna aliyemupima," alisema. "Nilikuwepo, wewe uko mugongoni. Waliweka magunia, wakaweka batu juu ya magunia, wakafunga mulango. Nilisema, hii imejaa. Wakanicheka."

Miaka yote ile sikujua kuwa alikuwepo. Sikujua kuwa alisema. Nilifikiri aliogopa ndege kama watu wanavyoogopa ndege, basi. Nikainuka nikataka kumshika, akanisukuma kidogo kwa kiwiko, maana alikuwa ameshamgeukia kiongozi wetu. Kwa Kiswidi chake cha dukani akauliza uzito unapungua kiasi gani, na unatakiwa kuwa wapi.

Kiongozi alimjibu kama anavyomjibu mtu wa kundi. Alimwonyesha mahali, mbele, chini ya kifua changu. Mama akatoa sufuria ya wali kwenye begi akaiweka kwenye majani, akalibeba begi tupu mpaka kwenye lile sanduku la mchanga lililo kando ya njia, mchanga wanaomwaga wakati wa barafu watu wasiteleze. Akachota kwa mikono, kitenge cha kanisani na vyote. Akaleta, akaweka juu ya mizani. Kiongozi akatikisa kichwa. Mama akapunguza ukufi, akarudisha nusu ya ukufi, wale wanawake wawili wameinama pamoja juu ya kale kadude ka bafuni hawana haja ya mkalimani. Mpaka kiongozi aliposema basi.

Wakalifunga begi kwa kamba. Mama aliifungua kamba, akaifunga upya kwa fundo lake mwenyewe. Wakaikalisha ndege kwenye bomba, nikalala, ikatulia sawasawa. Mama alirudi nyuma mpaka alipokuwa amesimama mwanzo.

Wazee wakashika kamba ya kuvutia, wakaanza kukimbia kuteremka, wale watu wa miaka sabini, wanahema, wanakimbia. Majani yalinipita chini ya uso, haraka, haraka zaidi, halafu kelele ya majani ikakoma. Hivyo tu. Nikaachia kamba. Waya zilikuwa zinaimba. Nilikuwa juu labda kimo cha mtu mrefu, si zaidi, na mteremko ulikuwa unaniondokea chini ya kifua taratibu. Miguu yangu, ile isiyotulia, ilikuwa imelala nyuma yangu kimya na mimi sikuitambua. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Halafu ardhi ikasogea, nikaburuzika kwa tumbo, mdomo ukajaa majani.

Wazee wanapiga makofi, mmoja analia waziwazi. Mimi nilimtafuta mama. Alikuwa anakuja, hakimbii, anatembea kwa ule mwendo wake wa kwenda kumkemea mtu. Nilisimama nikajipangusa, nikajiandaa kwa kofi au kwa kukumbatiwa, sikujua lipi. Akanipita. Akainama mbele ya ndege, akavuta fundo la begi la mchanga kuona kama bado limekaza.

"Muirudishe juu," akasema, bado ameinama. "Hii ya kwanza nilifumba macho."